Siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa hapa Mpwapwa: naomba mawazo kabla sijaandika barua kwa mkuu wa shule

Mwalimu_wa_Chunyu

Wanajamvi, habari za jioni. Wazee waliomo humu, shikamooni.

Nafundisha Historia katika sekondari moja wilayani Mpwapwa, huu ni mwaka wa 14. Mwezi uliopita nilikuwa na Kidato cha Pili kwenye mada ya biashara ya utumwa, na kabla sijashika chaki nikawauliza utumwa ulifanyika wapi. Mikono ikapanda. Zanzibar. Marekani. Msichana mmoja wa nyuma akasema Bagamoyo. Nikasubiri. Hakuna aliyesema hapa kwetu.

Na hapa ndipo njia ilipopita. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipumzika Mpwapwa kwa sababu milima yetu ina maji. Walinunua mtama, wakasogea Chunyu ambako maji yana chumvi, kisha wakaingia Marenga Mkali, pori kavu ambalo wapagazi walilivuka kwa kuanza kutembea alasiri na kuendelea usiku, ili wafike Ugogo kabla kiu haijawamaliza. Waliotoka Ujiji na Tabora walipita njia hiyohiyo wakielekea pwani, na katika misafara hiyo ndimo walimokuwa mateka. Serikali yetu yenyewe mwaka 2006 ilipeleka UNESCO njia hii iingizwe kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, ikataja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Wanafunzi wangu wanaishi kwenye kimojawapo na hawana habari.

Jioni hiyo mwalimu mwenzangu wa Kiingereza akanionyesha kwenye simu video ya Juni 19 huko Marekani, siku wanayokumbuka mwisho wa utumwa. Makumbusho yamefunguliwa bure, watoto wamekaa chini, mama mmoja anawasomea majina ya watu kutoka kwenye karatasi ya zamani. Hakukuwa na hotuba ya mgeni rasmi, ni majina tu. Nikaitazama mara tatu.

Nataka tufanye siku kama hiyo shuleni. Darasa moja tuligeuze makumbusho kwa siku moja, wazazi waje, wazee waje. Bajeti niliyoahidiwa ni laki mbili na nusu, soda zikiwemo. Ninapokwama ni hapa.

Kwanza tarehe. Juni 5, 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la Zanzibar na kuzuia watumwa wasisafirishwe kwa bahari. Mwaka 1897 Unguja na Pemba wakafuta utumwa kisheria. Huku bara Wajerumani waliamuru kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya Desemba 31, 1905 ni huru. Mama yake wakamwacha alivyo. Sheria ya kuumaliza utumwa Tanganyika nzima ilikuja mwaka 1922, wakati wa Waingereza. Sasa mtu wa Mpwapwa aadhimishe ipi?

La pili ni vitu vya kuonyesha. Sina minyororo, sina picha za asili. Kijana wa kutoka Kongwa ameniuliza kama jina la wilaya yao limetokana na yale makongwa, miti ya panda waliyofungwa mateka shingoni, na anataka tuchonge moja tuliweke mezani.

La tatu ni la kwangu, na ndilo linaloninyima usingizi. Pale Chunyu, nyumbani kwetu, kuna makaburi ya ukoo. Siku ya tambiko wazee wanamwaga pombe ya mtama kaburi kwa kaburi, lakini kuna moja pembeni, karibu na mbuyu, ambalo wanalipita. Nikiwa mdogo niliambiwa ni la mgeni. Mwaka 2009 bibi yangu mzaa baba, miezi michache kabla hajafariki, aliniambia kweli. Ni la mama aliyemzaa baba yake babu yangu. Aliletwa na msafara akiwa msichana mdogo, akaugua homa, wakaona hafiki pwani. Ukoo wetu ukamchukua kwa mbuzi mmoja na mtama. Bibi alipoolewa pale alimkuta bado yu hai, ajuza, akawa anampikia uji mpaka akamzika. Jina alilokuja nalo halijulikani. Nyumbani aliitwa Mgeni.

Kwa hiyo mimi ni mjukuu wa aliyenunuliwa, na ni mjukuu wa walionunua. Mwanawe alizaliwa miaka kadhaa kabla ya 1906, maana yake hata ile amri ya Wajerumani haikumgusa. Nawauliza tarehe kwa sababu namtafutia tarehe huyu mama. Alikuwa huru lini? Na je, niliseme hili mbele ya wanafunzi wangu, au nifundishe ya Zanzibar kama kawaida nikakae kimya?

---

Nesi_Ipagala

Mwalimu, shikamoo, maana miaka 14 ya chaki ni mingi.

Niko Dodoma mjini, Ipagala, lakini nimefanya kazi Houston miaka minane, na mji wa Galveston uko pale karibu, kwa gari ni saa moja hivi. Juni 19 niliiona huko kabla haijawa sikukuu ya taifa. Hiyo ya taifa imekuja mwaka 2021 tu. Watu weusi wa Texas walikuwa wakiisherehekea tangu 1866. Mwaka 1872 wale wa Houston walichangishana, watu waliotoka utumwani juzi tu, wakanunua ekari 10 ili wapate mahali pao pa kufanyia sherehe. Ile bustani ipo, nimekaa kwenye nyasi zake.

Kuhusu tarehe, nikwambie walivyoipata yao. Rais Lincoln alitangaza uhuru Januari 1, 1863. Texas ilikuwa mbali na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mabwana wakaendelea kama hawajasikia. Mpaka Juni 19, 1865 Jenerali Gordon Granger alipofika Galveston na askari wake na kutoa amri namba 3 kwamba watumwa wote ni huru. Walikuwa watu kama 250,000 katika Texas. Miaka miwili na nusu imepita hapo. Na kuna majimbo kama Kentucky na Delaware ambako utumwa uliendelea kisheria mpaka Desemba mwaka huohuo, katiba ilipobadilishwa. Kwa hiyo hata wao hawana tarehe moja iliyonyooka. Walichagua siku ambayo habari iliwafikia waliokuwa mwisho kabisa wa foleni. Mimi hilo lilinifundisha kuliko tarehe yoyote ya kutiwa saini.

Siku hiyo huwa wanaisoma amri yenyewe kwa sauti. Isome na wewe, utafsiri, maana ina sehemu ambayo wengi hawaijui: baada ya kutangaza uhuru na usawa, inawashauri watu hao wabaki kwa utulivu palepale walipo na wafanye kazi kwa ujira. Yaani kwa bwana yuleyule. Watoto wako wataielewa mara moja, kwa sababu hata huyo mama yako wa Chunyu inaelekea alibaki palepale.

Kitu kimoja nilichoona kwenye makumbusho huko sitakisahau. Waliweka meza ya kusaidia watu kutafuta wazee wao kwenye sensa ya 1870, kwa kuwa ndiyo ya kwanza iliyoandika waliokuwa watumwa kwa majina yao. Kabla ya hapo waliandikwa umri na jinsia chini ya jina la bwana. Mzee mmoja, miaka themanini si pungufu, akampata mama wa bibi yake. Jina, umri, kazi ya nyumbani. Akaweka kidole kwenye ule mstari na hakukiondoa. Tulikuwa foleni nyuma yake na hakuna aliyemharakisha. Zamu yangu ilipofika yule mama wa mezani akaniuliza, na watu wako? Nikajibu haraka, mimi natoka Tanzania, watu wangu hawakuuzwa. Nikiwa njiani kurudi nikajiuliza nimejuaje.

Ukutani walibandika pia matangazo ya magazeti ya baada ya vita. Mama anamtafuta mwanawe aliyeuzwa miaka ishirini nyuma, anaandika jina la bwana wa kwanza, wa pili, alama ya mwilini, na anuani ya kanisa. Yalikuwa mengi mno, watu wakitafutana. Wanafunzi wako wanaweza kuandika tangazo la namna hiyo kwa ajili ya huyo Mgeni. Nani angekuwa anamtafuta, na kutoka wapi.

Nilipita pia makumbusho makubwa ya Washington ya historia ya Wamarekani weusi, yale yaliyofunguliwa 2016. Chini kabisa, kwenye giza, kuna vyuma vizito vilivyotolewa baharini kwenye meli ya Wareno iitwayo São José. Ilipakia watu zaidi ya 400 hapo Msumbiji mwaka 1794 kuwapeleka Brazili, ikavunjikia karibu na Cape Town. Zaidi ya 200 wakafa maji na waliookoka wakauzwa hukohuko. Vile vyuma vilikuwa vya kuipa meli uzito. Nilisimama pale nikiwa nimevaa kitenge, nikaona hii si habari ya Afrika Magharibi peke yake.

Ushauri wangu: acha minyororo. Tafuta majina.

---

Mwambao_Mtembezi

Mwalimu, mimi natembeza wageni Bagamoyo, na naunga mkono dada hapo juu, lakini usiache vitu kabisa. Mtoto anataka kushika.

Umesema huna cha kuonyesha. Nenda sokoni Mpwapwa, duka lolote la vitambaa, nunua merikani mita tano. Ndiyo, ile nyeupe isiyotiwa rangi. Jiulize kwa nini inaitwa merikani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Zanzibar kwa wingi mpaka Marekani ikaweka konsuli wake pale mwaka 1837. Ilifumwa viwanda vya kaskazini kwa pamba ya majimbo ya kusini, na pamba hiyo ililimwa na kuchumwa na watumwa. Ikapanda misafara, ikafika kwenu Ugogo, na huko watemi wakalipwa kwa mikono ya merikani, kaniki na shanga ili msafara upewe njia na maji. Malipo hayo yaliitwa hongo. Wanafunzi watacheka wakisikia, waache wacheke, kisha waeleze kwamba wakati huo ilikuwa ada halali ya mwenye nchi. Meno ya ndovu yakateremka kwa njia hiyohiyo, na mengi yakaenda Connecticut kuchongwa vibao vya piano. Vita vya Marekani vilipoanza 1861 merikani ikaadimika Zanzibar. Kwa hiyo kati ya Juni 19 ya Texas na kisima cha Chunyu kuna shuka moja imetandikwa. Iweke hiyo mezani, na kando yake pamba mbichi kidogo na bakuli la mtama.

Naomba uwe mwangalifu na mambo mawili. Si kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru walioajiriwa kwa ujira, na waligoma wakipunjwa posho. Ukiwaweka wote kwenye mnyororo unawanyang'anya Wanyamwezi heshima yao. Na ule mkataba wa 1873 ulifunga bahari; nchi kavu watu waliendelea kuswagwa, ndiyo maana 1876 Barghash alitoa tangazo jingine la kupiga marufuku misafara ya watumwa bara. Na bado hakukoma mtu. Watumwa walipokuwa hawavuki tena kirahisi, wengi waliishia kutumikishwa hukuhuku. Mgeni wenu inawezekana ni mmoja wao.

Kuhusu jina la Kongwa, usilibandike ukutani kwa sababu tu linafanana. Mpe huyo kijana kazi ya kuwauliza wazee wa kwao, wasiopungua watatu, aandike kila mmoja alivyosema. Hiyo ndiyo kazi ya makumbusho. Na msichonge kongwa. Kuna wageni wanaofika hapa wakataka kuvikwa minyororo wapigwe picha, na kila mara namwambia mtu airudishe chini. Kesho mtoto mmoja atamvika mwenzake kwa mzaha uwanjani, na wewe hutakuwepo.

Ukipata nauli walete Bagamoyo waone kijiji walichowekwa waliokombolewa na wamisionari Wakatoliki waliofika 1868. Kwenye makaburi yale utakaa nao kimya nusu saa na hawatakusumbua.

---

Binti_Kilimatinde

Naomba nisieleweke vibaya. Hayo yote ni mazuri kwenye karatasi. Mimi nimezaliwa Kilimatinde, hicho kituo cha nne kwenye orodha yako, na nasema hivi kwa uchungu.

Dada yangu alichumbiwa. Washenga wamekuja, mahari imeanza kuzungumzwa, baba mkubwa mmoja wa upande wa pili akauliza asili yetu. Mtu wa mtaani kwetu akamnong'oneza kwamba hao ni Wamanyema, watu wa asili ya Kongo, babu yao aliletwa. Posa ikarudi wiki hiyohiyo. Haikuwa enzi ya Wajerumani, simu za mkononi zilikuwepo. Dada yangu hakuelezwa sababu, tuliijua baadaye.

Sasa wewe mwalimu una cheo, mshahara, na jina la ukoo uliomiliki. Ukisema bibi yako alinunuliwa, watu watakusifu kwa ujasiri. Mtoto wa Kidato cha Pili ambaye mama yake anauza mboga atabaki na neno hilo mgongoni mpaka amalize shule. Tafadhali usiwaambie watoto wakaulize nyumbani nani alitoka kwa watumwa wakirudi wasome mbele ya darasa. Usiwanyooshe mikono.

Na huyo mama kaburini ana watu. Umewauliza?

---

Mdau_Nzuguni

Kuhusu tarehe nachangia kwa ufupi. Juni mko likizo, wanafunzi wa bweni hawapo, kwa hiyo 5 na 19 zote zimekwenda. UNESCO wana siku yao ya kimataifa ya kukumbuka biashara ya utumwa na kukomeshwa kwake, Agosti 23, inaadhimishwa tangu 1998. Hapo mko darasani na Nane Nane imeshapita.

---

Mwalimu_wa_Chunyu

Ndugu zangu, nimesoma kila neno. Nesi, marahaba, na asante. Kaka wa Bagamoyo, merikani nimeshainunua, mita tano, muuzaji akaniuliza nani amefariki.

Dada wa Kilimatinde, maneno yako nimeyasoma usiku, na asubuhi nikayasoma tena. Umenionyesha jambo nisiloliona. Kweli nilikuwa nimepanga ile kazi ya kwenda kuuliza nyumbani, ilikuwa ya pili kwenye ratiba. Nimeifuta. Watoto watafanya kazi juu ya njia, maji, vitambaa na misafara. Habari ya ukoo nitaileta mimi peke yangu, ya kwangu, ama sitaileta kabisa. Pole sana kwa dada yako. Na hapana, nilikuwa sijawauliza wenye kaburi. Jumamosi nakwenda Chunyu kwa shangazi, ndiye mkubwa aliyebaki.

Kuna jambo nililisahau. Nesi aliposema tafuta majina ndipo likanijia. Bibi alisema Mgeni alikuwa akihesabu vikapu vya mtama kwa lugha yake, na watoto wa boma walikuwa wakimwiga. Neno moja likabaki. Baba yangu mdogo, wa saba kuzaliwa, nyumbani aliitwa Chinelubali, tukilifupisha Lubali, hadi amekufa. Kigogo hakina neno hilo. Tukiuliza, tunajibiwa ni maneno ya yule bibi. Kuna anayelijua?

---

Mtu_wa_Tunduma

Mwalimu, nimekuwa msomaji tu humu, leo naandika.

Mimi nafanya biashara ya mchele, nimekaa Kasama, Zambia, miaka sita. Kibemba nakisikia vizuri. Kuhesabu kwao: chimo, fibili, fitatu, fine, fisano, mutanda. Ya saba ni chinelubali.

Nimeisoma post yako nikiwa dukani nikaisoma kwa sauti, mke wangu ambaye ni wa hukohuko akageuka akaniuliza nahesabu nini.

Nisikupe zaidi ya nilichonacho. Huko lugha za jirani zinakaribiana, na neno moja si cheti cha kuzaliwa. Lakini wafanyabiashara wa Unyanyembe, pande za Tabora, walifika kwa Wabemba na majirani zao muda mrefu kabla ya Wazungu kutawala, wakinunua pembe na watu, na waliochukuliwa huko walipandishwa kuelekea Tabora au kushushwa pwani. Na baba yako mdogo alikuwa wa saba, umesema mwenyewe. Hilo halijatokea kwa bahati.

---

Binti_Kilimatinde

Nimelisoma hili la saba nimeshindwa kula. Mwalimu, ukienda kwa shangazi usianze na barua ya mkuu wa shule. Anza na hilo neno.

---

Mwalimu_wa_Chunyu

Nimerudi jana jioni. Samahani kwa kukawia, mtandao wa Chunyu unapatikana ukipanda kichuguu.

Nilifanya kama dada alivyoniambia. Shangazi alikuwa anapepeta uwele. Nikamsalimia, nikakaa kwenye kigoda, nikahesabu taratibu kama ndugu wa Tunduma alivyoandika. Chimo, fibili. Nilipofika mutanda aliacha kupepeta. Ya saba akaitaja yeye. Hakulia. Akaniuliza, kumbe yalikuwa na maana? Nikamwambia ni saba, shangazi, ni saba tu, ni lugha ya watu walio wengi na wapo mpaka leo, wana miji na redio. Akasema walikuwa wakicheka, wao watoto, wakidhani bibi anaropoka kwa uzee. Alilirudia hilo mara nyingi, kwamba walikuwa wakicheka.

Tukazungumza mpaka mbuzi wamerudi. Nilimweleza ninachotaka kufanya, na nikamweleza pia habari ya posa iliyorudi. Amekataa mambo mawili. Hataki nitaje jina la ukoo ukutani, na hataki wanafunzi wapelekwe kaburini na kupiga picha. Hayo nimekubali bila ubishi. Habari yenyewe ameniruhusu niiseme, na alisema niseme yote, pamoja na mbuzi na mtama. Kwa maneno yake, ukisema alipokewa ukaacha mbuzi, umedanganya. Kuhusu tambiko, hilo linawahusu wazee wengine, amesema atalifikisha mwenyewe na nisimtangulie.

Siku itakuwa Agosti 23. Naandika wazi kwenye barua kwamba tumeichagua kwa sababu ya ratiba ya shule, na ubaoni nitaandika zile tarehe zote nne, na chini yake mwaka 1898, ambao ndio tunaoukisia kuwa mwaka aliozaliwa mwanawe. Wanafunzi wapime wenyewe kipi kilimfikia na kipi hakikumfikia. Amri ya Granger nimeanza kuitafsiri. Yule msichana wa nyuma aliyesema Bagamoyo ndiye nitakayempa aisome.

Kuhusu vitu, nimepata kimoja ambacho sikukitegemea. Nilipokuwa naaga shangazi akanionyesha jiwe la kusagia lililo chini ya uvungu wa paa, limelika katikati kama mtumbwi. Alisema ni la Mgeni, alipewa siku aliyopona homa na akalisagia mpaka mikono ilipomshinda. Bibi akalirithi, sasa analo yeye. Ameniazima liwekwe mezani, juu ya merikani, lakini kwa masharti: nilibebe mwenyewe, asilikalie mtu, na liwe limerudi Chunyu kabla ya jua kuzama, kwa sababu kesho yake ana uwele wa kusaga.